Benki Ikikataa Mkopo wa Nyumba: Mkazi wa Tongaren Afanye Nini?

Hotuba ya afisa wa nyumba wa kaunti kwa wakazi wa Tongaren

Nitazungumza juu ya jambo ambalo watu huja nalo ofisini karibu kila wiki. Mtu amekwenda benki kuomba mkopo wa kujenga nyumba, akakataliwa. Amekwenda benki ya pili, akakataliwa. Sasa anakuja kwetu na kusema, "Nimesikia kaunti inatoa mikopo ya nyumba. Nipeni fomu."

Nianze na jibu la swali hilo, kwa sababu kuna watu wanapoteza pesa kwa kutolijua.

Serikali ya kaunti haina mkopo wa nyumba kwa mwananchi wa kawaida. Mfuko wa mikopo ya nyumba na magari mnaousikia kwenye kaunti mbalimbali ni wa waheshimiwa wa bunge la kaunti na wafanyakazi. Uliwekwa kwa mwongozo wa Tume ya Mishahara na Marupurupu, SRC, na hulipwa kwa kukatwa mshahara. Kama huko kwenye orodha ya mishahara ya kaunti, mfuko ule si wako, hata ukimjua nani. Kwa hiyo mtu akikujia sokoni Naitiri au Ndalu akakuuzia "fomu ya mkopo wa nyumba wa kaunti", au akakuomba pesa ya "kufungua faili", huyo ni tapeli. Usimpe hata shilingi mia. Mpeleke kwa chifu au polisi.

Najua wazee mna sababu ya kuuliza. Zamani mambo yalikuwa tofauti. Mwaka 1953 iliundwa Bodi Kuu ya Nyumba, ambayo baada ya uhuru ikawa Shirika la Kitaifa la Nyumba. Chini ya Sheria ya Nyumba, Sura ya 117, shirika hilo lilikopesha halmashauri za miji na wilaya pesa za umma. Halmashauri zikajenga nyumba za kupangisha, na nyingine mtu alilipa kidogo kidogo kila mwezi mpaka ikawa yake. Ndiyo maana wazee wengi bado wanasema "mkopo wa kanso". Lakini halmashauri hizo zilikwisha mwaka 2013 serikali za kaunti zilipoanza. Katiba imetupa sisi kazi ya mipango na nyumba, lakini haikutufanya benki.

Basi mkazi aliyekataliwa na benki aende wapi? Asianze kwa kutafuta benki ya tatu. Aanze kwa kujua kwa nini alikataliwa.

Uliza sababu

Mkopo wa nyumba kutoka benki ni jambo la watu wachache sana nchini. Kwa hesabu za Benki Kuu, mwishoni mwa mwaka 2023 mikopo hiyo ilikuwa karibu 30,000 tu Kenya nzima. Kwa hiyo ukikataliwa usijione wewe ndiye mwenye kasoro peke yako. Wenzako wengi wamekataliwa, na wengi zaidi hawakujaribu.

Lakini benki haikatai bila sababu. Rudi kwa afisa wa mikopo na umwombe sababu kwa maandishi. Ikiwa walikukataa kwa sababu ya taarifa zako kwenye ofisi za kumbukumbu za mikopo, yaani CRB, una haki ya kuambiwa hivyo. Sisi tunaokaa na watu wanaokuja na barua hizo tumeona kwamba hapa Tongaren sababu zinarudiarudia. Kubwa kuliko zote ni karatasi za shamba. Nyingine ni jina kuwa CRB, mapato yasiyo na ushahidi, na ujenzi usio na ramani iliyopitishwa. Nitazichukua moja baada ya nyingine.

Karatasi za shamba

Sehemu kubwa ya Tongaren ilikuwa mashamba ya walowezi wa Kizungu. Tangu mwaka 1962, kwenye mpango wa ekari milioni moja, mashamba hayo yaligawanywa na familia zetu zikapewa makazi. Watu hawakupewa bure. Walipewa kwa mkopo wa serikali uliosimamiwa na wadhamini wa mfuko wa makazi, ule mliouita SFT, na deni la ardhi lilipangwa kulipwa kwa miaka 30. Kwa hiyo babu zenu walikuwa watu wa mkopo wa makazi kabla ya benki nyingi kufika hapa.

Shida ni kwamba katika familia nyingi habari ya mkopo ule haikumalizika kwenye karatasi. Nimeona hali tatu.

Hali ya kwanza: deni halikulipwa lote, kwa hiyo hatimiliki haijatoka, au imetoka ikiwa bado na rehani ya mfuko. Benki haiwezi kuchukua dhamana ambayo mwingine ameishika. Hapa dawa ni kwenda ofisi ya ardhi na makazi Bungoma na namba ya ploti na jina la mwenye kupewa, kuuliza deni lililobaki ni kiasi gani. Siku hizi mfuko huo unaitwa Mfuko wa Makazi ya Ardhi chini ya Sheria ya Ardhi ya mwaka 2012. Ukimaliza kulipa, dai karatasi ya kuondolewa rehani, kisha uifikishe kwenye sajili iandikishwe. Wengi hulipa, wakapewa risiti, wakaenda nyumbani wakaiweka ndani ya Biblia. Risiti peke yake haiondoi rehani kwenye sajili.

Hali ya pili: deni lililipwa zamani, hatimiliki ipo, lakini iko kwa jina la mzee aliyefariki. Watoto wamegawana shamba kwa kupanda miti ya mpaka. Kila mmoja anajua kipande chake na hakuna ugomvi. Lakini mbele ya benki shamba lile bado ni la marehemu, na marehemu hawezi kuweka sahihi. Hapa lazima familia ifanye mirathi.

Mirathi inawatisha watu, lakini hatua zake zinajulikana. Chifu hutoa barua inayotaja warithi wote, wake, wana na mabinti, pamoja na mabinti walioolewa. Tafadhali msiwafiche mabinti. Kesi nyingi huanguka hapo. Ombi hupelekwa mahakamani, kwa mfano Kimilili, Webuye, Bungoma au Kitale, kulingana na ukubwa wa mali na mahali ilipo. Tangazo hutolewa kwenye Gazeti Rasmi ili mwenye pingamizi ajitokeze ndani ya siku 30. Msimamizi wa mali akishapewa barua, kwa kawaida hungoja miezi sita ndipo mahakama ithibitishe jinsi ya kugawa. Baada ya hapo mpimaji hupima vipande na kila mrithi hupata hatimiliki yake. Ni kazi ya mwaka mmoja au zaidi. Kwa hiyo kama unataka kujenga baada ya miaka miwili, anza mirathi leo.

Hali ya tatu: ulinunua kipande kwa mtu, mkaandikiana mbele ya mzee wa kijiji, mkapiga picha, basi. Jueni kwamba ardhi ya kilimo haihamishwi wala kuwekwa rehani bila idhini ya bodi ya ardhi, ile lendi bodi inayokaa chini ya naibu kamishna wa kaunti. Sheria inataka ombi lifikishwe kwa bodi ndani ya miezi sita tangu mapatano. Ukikaa miaka mitano na karatasi ya mauziano sandukuni, kwa benki huna kitu. Tena muuzaji akifa kabla ya kuhamisha, utarudishwa kwenye ile hali ya pili, ukiwa mgeni katika mirathi ya watu.

Kabla ya yote haya, fanya sachi kwenye ofisi ya ardhi Bungoma. Sachi itakuonyesha jina lililoandikwa, ukubwa wa shamba, na kama kuna rehani au zuio. Usiende benki kabla ya kuiona.

Jina kwenye CRB

Vijana, hapa nawasemesha ninyi. Mkopo wa simu wa shilingi elfu mbili usiolipwa unaweza kukufuata mpaka siku unayotaka mkopo wa nyumba. Tangu mwaka 2020 deni lililo chini ya shilingi 1,000 haliwezi kukufanya uandikwe vibaya CRB, lakini kuanzia hapo linaweza.

CRB zilizopewa leseni na Benki Kuu ni tatu: TransUnion, Metropol na Creditinfo. Kila mtu ana haki ya kupata ripoti yake moja bure kila mwaka. Iombe na uisome. Ukiona deni ambalo si lako, au ulilolipa lakini bado linaonekana, andika malalamiko kwa CRB yenyewe na ushike nakala ya risiti. Ukiona deni lako la kweli, lilipe, kisha uombe barua ya kumaliza deni kutoka kwa aliyekukopesha. Habari ya deni lililochelewa inaweza kubaki kwenye kumbukumbu kwa miaka mitano baada ya kulipwa, lakini itaonyesha kwamba limelipwa, na hiyo ni tofauti kubwa. Hakuna mtu wa mtaani anayeweza "kukufutia jina" kwa elfu tatu.

Mapato yanayoonekana

Mwenye mshahara anajua hesabu yake. Sheria ya Ajira inasema makato yote yasizidi theluthi mbili ya mshahara, yaani theluthi moja ibaki mkononi. Mwalimu au askari mwenye mikopo mitatu tayari amefika ukingoni. Kwake dawa ni kumaliza mkopo mmoja kwanza.

Lakini wengi hapa ni wakulima. Tunauza mahindi, maziwa, miwa na maharage. Pesa tunapata, ila hazionekani. Mahindi yanauzwa kwa broka langoni, pesa mkononi, na jioni zimekwisha kwa karo. Benki ikiuliza unapata kiasi gani kwa mwaka, unakadiria.

Badilisha hilo kwa msimu mmoja au miwili. Uza maziwa kupitia chama cha ushirika kinachokupa karatasi ya malipo kila mwezi. Ukiuza mahindi kwa Halmashauri ya Nafaka, NCPB, tunza risiti. Mwenye miwa atunze karatasi za kiwanda. Pesa za mauzo zipite kwenye akaunti au kwenye simu yako, si ya shemeji. Na uwe na daftari: gunia ngapi, bei gani, mbolea kiasi gani. Maziwa husaidia zaidi, kwa sababu mkopo hulipwa kila mwezi na mahindi huja mara moja kwa mwaka. Ukiwa mkulima wa mahindi tu, mwombe mkopeshaji mpango wa kulipa baada ya mavuno, na hakikisha umeandikwa kwenye mkataba.

Sacco na njia nyingine

Ukishajua sababu na kuanza kuirekebisha, angalia mahali pengine pa kukopa.

Mahali pa kwanza ni sacco. Hapa kwetu tunayo Ng'arisha, iliyoanzishwa na walimu wa Bungoma, na ziko nyingine. Sacco inakujua kwa akiba yako na wadhamini wako, si kwa shamba peke yake. Nyingi hukopesha mpaka mara tatu ya akiba. Mtu anayeweka akiba kwa bidii anaweza kukopa ya msingi na kuta, akalipa, akakopa ya mabati, akalipa, akakopa ya kumalizia. Nyumba itachukua muda, lakini hatimiliki inabaki nyumbani. Hakikisha tu sacco inayopokea akiba za watu ina leseni ya SASRA.

Pili, kuna benki na sacco zinazopata pesa kutoka Kampuni ya Kenya ya Ufadhili wa Mikopo ya Nyumba, KMRC, iliyoanza kazi kwa leseni ya Benki Kuu mwaka 2020. KMRC haikukopeshi wewe moja kwa moja. Inazikopesha benki na sacco kwa riba ndogo ili nazo zikukopeshe kwa riba isiyofika asilimia kumi na muda mrefu. Kwa hiyo uliza hivi ukifika: "Mna mkopo wa nyumba wa pesa za KMRC?" Swali hilo moja linaweza kukuokolea pesa nyingi. Chukua mfano wa shilingi milioni moja kwa miaka kumi. Kwa riba ya asilimia 14 utalipa kama 15,500 kila mwezi. Kwa asilimia 9 utalipa kama 12,700. Kwa miaka yote kumi tofauti inapita shilingi 340,000. Hiyo ni pesa ya mabati na dari.

Tatu, watu wanaweza kuungana. Muungano wa Kitaifa wa Vyama vya Ushirika vya Nyumba, NACHU, ulioanza mwaka 1979, husaidia vyama vya ushirika vya nyumba kupata mikopo na ushauri wa ujenzi. Kikundi cha akina mama kilichosajiliwa na chenye daftari safi kina nguvu kuliko mtu mmoja.

Nne, mpango wa nyumba nafuu wa serikali kuu. Chini ya Sheria ya Nyumba Nafuu ya mwaka 2024, wenye mishahara wanakatwa asilimia 1.5 na mwajiri anaongeza kiasi kama hicho. Mtu hujiandikisha kwa Boma Yangu kupitia eCitizen na kuweka akiba. Anayepata chini ya shilingi 20,000 kwa mwezi yuko kundi la nyumba za jamii, na wa kutoka 20,000 mpaka 149,000 yuko kundi la nyumba nafuu. Elewa tu kwamba mpango huu zaidi ni wa kununua nyumba iliyojengwa na serikali, hasa mijini. Usianze kuchimba msingi shambani kwa kuutegemea.

Kabla ya kuweka shamba rehani

Sasa nizungumze kama mtoto wa hapa. Kupata mkopo si ushindi kama utapoteza shamba. Nyumba ya kudumu ni jambo zuri. Kila kijana aliyetoka kwenye simba anaitamani. Lakini shamba ndilo linalolisha watu.

Kwanza, huwezi kuweka rehani nyumba ya familia bila idhini ya mwenzako. Sheria ya Mali ya Ndoa ya mwaka 2013 na Sheria ya Ardhi zinasema hivyo. Akina baba, msiwaletee wake zenu karatasi ya kutia sahihi usiku bila kueleza. Akina mama, msitie sahihi kitu msichokisoma. Ombeni muda, mpelekeni mtoto aliyesoma awasomee, au nendeni kwa wakili.

Pili, jueni hatua za sheria ukishindwa kulipa. Mkopeshaji hawezi kuamka asubuhi na kuuza. Ukikosa kulipa, lazima akupe notisi ya angalau miezi mitatu urekebishe. Ukishindwa, akupe notisi nyingine ya angalau siku 40 kabla ya kuuza. Kisha dalali naye atoe notisi ya siku 45 ya kukomboa. Muda huo ni wa kuzungumza, si wa kujificha. Nenda benki mapema, uombe kuongezewa muda au kupunguziwa malipo. Anayezima simu ndiye anayeuziwa.

Tatu, kama una ekari tano, usiweke zote rehani kwa ajili ya nyumba moja. Pima kipande, kitoe hatimiliki yake, kisha kiweke hicho peke yake. Gharama ya mpimaji ni ndogo kuliko kupoteza shamba lote.

Kazi ya kaunti

Nimesema kaunti haikopeshi. Lakini kuna mambo ambayo benki itakuuliza na sisi ndio wenye kuyatoa. Ramani ya nyumba lazima ipitishwe na kaunti chini ya Sheria ya Mipango ya mwaka 2019. Wengi huanza kujenga kwanza, halafu wanaenda benki kuomba ya kumalizia, na benki inauliza ramani iliyopitishwa iko wapi. Ileteni kabla ya kuchimba. Kugawanya shamba pia kunahitaji kibali chetu kabla ya kufika lendi bodi. Na ukihitaji kueleweshwa barua ya benki au karatasi ya sachi, njoo ofisi ya kaunti ndogo hapa Tongaren. Kukueleza ni kazi yetu, hakuna malipo. Ada ya kibali hulipwa kwa njia rasmi na utapewa risiti, si mkononi mwa mtu.

Nimalizie kwa kuwapanga. Anza na sachi. Omba ripoti yako ya CRB. Kama shamba ni la marehemu, kaeni familia na mwende kwa chifu mwezi huu. Jiunge na sacco hata kwa akiba ndogo. Pitisha pesa zako mahali zinapoonekana. Leta ramani. Ukifanya hayo, baada ya mwaka mmoja au miwili, rudi kwenye benki ileile iliyokukataa. Utakuwa mtu yuleyule na shamba lilelile, lakini karatasi zitakuwa zinasema kweli juu yako.

Sasa nipo kwa maswali yenu, na mwenye barua ya benki aje nayo tuisome pamoja.